Sakitu Mezani

Karatasi imefika Matamba salama.
Imelala kifuani mwangu tangu Mwanjelwa,
ndani ya nailoni, ndani ya kanga, ndani ya koti,
maana ukungu wa huku haupigi hodi,
na karatasi hii ikinusa maji tu
hujikunja kama jani la mgomba juu ya moto.

"Inaliwa," nikamwambia bibi.
Bibi Twilumba akaiinua kwenye mwanga wa dirisha,
akaikagua kama noti ya elfu kumi.
"Karatasi nilizowahi kula," akasema, "ni za ushirika.
Niliweka dole gumba, mbolea sikuiona."

Nikamsomea ubavuni mwa pakiti:
wanga wa viazi, maji, mafuta kidogo.
"Viazi?"
Viazi, bibi.
Akacheka hadi kilemba kikalegea,
akacheka kwa magoti, kwa mkono uliotafuta ukuta.
"Basi ndiko vilikokwenda!
Vilipanda lori vichafu, vimefungwa lumbesa,
gunia limevimba kichwa kama mwenye matubwitubwi,
dalali akahesabu moja palipo moja na nusu.
Kumbe vilikwenda shule!
Vimerudi vyeupe, vyembamba, havitujui."

Kisha: "Shilingi ngapi?"
Nikataja bei ya karatasi moja.
Kicheko kikakatika.

Biskuti zilikuwa thelathini na mbili,
nimezikata kwa mdomo wa glasi,
nimezioka kwenye sufuria yenye mchanga,
makaa chini, makaa juu.
Nne ziliungua. Hizo alikwishazila Enea,
mwenye miaka minane na sababu nyingi.

Nikatoa mkasi. Nikakunja nilivyofundishwa mjini,
nikamega pembe hapa, nikatoboa pale,
nikakunjua: ncha sita, matundu matundu, weupe mtupu.
Nikaipaka biskuti asali, kiasi cha kulowesha unyoya,
nikabandika, nikakandamiza kwa kidole kikavu.
"Theluji," nikasema. "Krismasi ya kwenye kadi."

Bibi akaisogeza sahani kwa ukucha.
"Hii naijua. Usinipe jina la kadi.
Hii ni sakitu.
Ililala bondeni, kwenye vinyungu vyetu, Julai, usiku mmoja.
Asubuhi shamba likang'aa, tukasema jamani, uzuri.
Jua lilipopanda
majani yakawa meusi, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto.
Mama yako alikuwa la sita.
Hakuingia la saba."

Mvua ikaanza juu ya bati.
Enea akaacha kutafuna.
Nami nikakumbuka mama anavyoshika risiti,
mbali na macho, kisha karibu,
kisha ananipa mimi, akisema taa ni hafifu.
Hata saa sita mchana.

"Unaweza kukata ua?"
Lipi?
"La kiazi. Lile asilolipeleka mtu harusini."

Nikajaribu. Mkunjo wangu unajua sita tu,
na ua la kiazi halina jani la sita:
ni matano, yameshikana mabega,
katikati njano kama mdomo wa kifaranga.
Bibi akaninyang'anya mkasi.
Alikata bila kukunja, ulimi nje kidogo,
akizungusha karatasi, si mkasi,
kama anavyomenya.
Hakuna ua lililofanana na mwenzake.
Moja lilitoka na majani manne.
"Hili ni la mwaka mbaya," akasema, akaliweka na mengine.

Nilidondosha rangi kwa ncha ya kijiti,
zambarau pembeni, njano kati,
tone likizidi kidogo ua linayeyuka, unaanza upya.
Tukafika ishirini na saba.
Meza ikawa shamba la Desemba,
limechanua lote, halijapigwa na kitu.

Ile ya sakitu ilibaki peke yake.
Jioni ukungu ulipoingia kwa mlango wa jikoni
ncha zake zikalegea, zikazama kwenye asali.
Enea akaizunguka mara mbili,
akamtazama bibi.

"Kula," akasema bibi.
"Na yenyewe ilikula."